Damu ya Mama na Ngozi ya Punda

Leo hatuanzi na ugonjwa. Tunaanza na swali. Ulipojifungua, ulipewa chakula gani cha kwanza? Na ni nani aliyekuambia kwamba chakula hicho kinarudisha damu?

Ukiwauliza wanawake kumi wa mtaa mmoja wa Kitengela utapata majibu mengi, maana mji huu umekusanya watu wa makabila mengi. Mama wa Kimasai atakueleza juu ya mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa na supu ya mifupa iliyochemshwa na gome la olkiloriti. Mama wa Kikuyu atakutajia njahi zilizopondwa na ndizi. Aliyetoka Pwani atakumbuka uji wa pilipili manga na siku arobaini za kukaa ndani. Kila mmoja ana lake, lakini wote wanatafuta kitu kimoja: mwanamke aliyepoteza damu arudishiwe nguvu zake.

Leo tutaangalia historia ya vyakula na dawa za kurudisha damu. Tutakwenda mpaka China, kisha turudi nyumbani. Kwa nini China? Kwa sababu dawa moja wanayopewa akina mama wa huko ili waongeze damu ilikuja ikagusa maji unayoteka wewe hapa Kajiado. Tukimaliza, tutasema wazi ni kitu gani hasa huongeza damu, na mahali kinapopatikana.

MILA ZETU WENYEWE

Tuanze na za kwetu. Wamasai wa zamani walikuwa wakimtoboa ng'ombe mshipa wa shingo kwa mshale mdogo, wakakinga damu kiasi, kisha wakaziba jeraha na ng'ombe akaenda zake malishoni. Damu hiyo ilichanganywa na maziwa. Haikuwa chakula cha kila siku cha kila mtu. Waliopewa hasa ni mgonjwa, kijana aliyetoka kutahiriwa, na mwanamke aliyejifungua. Ukitazama vizuri utaona kwamba wote watatu walikuwa wamepungukiwa na damu au nguvu.

Je, wazee walikosea? Hapana. Damu ya mnyama ina madini ya chuma, na mwili wa binadamu hutumia chuma kutengeneza damu yake. Kosa halikuwa katika wazo. Hatari iko katika ubichi wake. Damu mbichi na maziwa mabichi vinaweza kuleta ugonjwa wa brusela, na mnyama mwenye kimeta anaweza kumwua anayemla.

Lakini kulikuwa na desturi nyingine ambayo haikumsaidia mama. Mwanamke mwenye mimba, hasa miezi ya mwisho, alipunguziwa chakula ili mtoto asinenepe na kushindwa kutoka. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli: hospitali ilikuwa mbali, na mtoto mkubwa aliyekwama aliweza kumwua mama. Hata hivyo, mama aliyenyimwa chakula alifika siku ya kujifungua akiwa tayari amepungukiwa na damu. Akivuja kidogo tu, alikuwa hatarini. Leo tuna kliniki ya kufuatilia mimba na tuna wakunga waliosomea. Hatuna tena sababu ya kumnyima mjamzito chakula.

KIOTA CHA NDEGE

Sasa twende China. Huko nako, tangu karne nyingi, mama aliyejifungua, mzee na mgonjwa hutafutiwa vyakula vya kuwajenga. Kimoja kinachosifiwa sana ni kiota cha ndege.

Usishangae. Si kiota cha nyasi na matawi kama unachoona juu ya mgunga. Kuna ndege wadogo wa Asia ya Kusini-Mashariki, wanaofanana na mbayuwayu, ambao hujenga viota vyao kwa mate. Mate hayo hukauka na kuwa magumu kwenye ukuta wa pango. Watu hupanda ngazi ndefu ndani ya mapango, kama yale ya Niah katika kisiwa cha Borneo, kuvibandua. Siku hizi watu wa Malaysia na Indonesia huwajengea ndege hao majumba ya saruji ili wavune viota bila kupanda mapangoni. Kiota huloweshwa, hutolewa manyoya kimoja kimoja, kisha huchemshwa polepole na sukari. Kwa bei yake, ni chakula cha wenye nacho.

Viota vingi ni vyeupe, lakini vichache ni vyekundu. Hivyo vyekundu viliitwa viota vya damu na kuuzwa ghali zaidi, kwani watu waliamini kwamba wekundu ule ni damu ya ndege na kwamba utaongeza damu ya mama. Mwaka 2011 wakaguzi wa China walipima viota vyekundu kutoka Malaysia, wakakuta vina kemikali ya naitraiti kupita kiasi, na China ikasimamisha kuvinunua. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba mvuke unaotoka kwenye vinyesi vya ndege unaweza kugeuza kiota cheupe kikawa chekundu. Naitraiti ikizidi mwilini huizuia damu kubeba hewa safi, na mtoto mchanga ndiye huumia zaidi.

Mama, shika jambo hilo. Rangi nyekundu si damu. Hata hapa kwetu mjamzito huambiwa anywe maji ya bitiruti au soda nyekundu aongeze damu. Bitiruti ni chakula kizuri, lakini haifai kuchukua nafasi ya vidonge vya kliniki. Soda nyekundu ni sukari na rangi.

NGOZI YA PUNDA

Dawa ya pili ya China ndiyo iliyofika mpaka kwetu. Inaitwa ejiao. Maana yake ni gundi ya Dong'e, na Dong'e ni wilaya katika jimbo la Shandong, mahali ambapo maji ya kisima kimoja yalisifiwa kwa kuitengeneza. Ngozi huloweshwa, hunyolewa nywele, huchemshwa kwa muda mrefu mpaka itoe utomvu mzito, kisha utomvu hugandishwa na kukatwa vipande vigumu vya rangi ya kahawia iliyokolea.

Ejiao imetajwa katika vitabu vya dawa vya China vya takriban miaka 2,000 iliyopita. Hapo mwanzo ngozi ya ng'ombe ilitumika. Karne zilivyopita, ngozi ya punda ikachukua nafasi yake. Tabibu mashuhuri Li Shizhen, aliyeishi kati ya 1518 na 1593, aliiandika katika kitabu chake kikubwa cha dawa. Walipewa wanawake waliotokwa na damu nyingi ya mwezi, waliotishiwa na kuharibika kwa mimba, na waliotoka kujifungua. Kwa hiyo, mama, ejiao ilitokana na hofu ile ile iliyowafanya wazee wetu wamkingie mzazi damu ya ng'ombe. Mama wa China si adui yako. Naye anaogopa kufa akizaa.

Ndani ya ejiao kuna nini hasa? Kwa sehemu kubwa ni kolajeni iliyochemshwa, yaani protini ya ngozi na mifupa. Ni jamii moja na ule mnato unaoshika midomo yako unapokunywa supu ya kwato pale kibandani. Supu ya kwato ni nzuri na inashibisha, lakini protini hiyo peke yake haitoshi kujenga mwili. Mwezi Februari 2018, laini ya simu ya afya ya umma ya China iliandika hadharani kwamba ejiao ni ngozi ya punda iliyochemshwa tu na haifai kununuliwa. Wenye biashara na wapenzi wa dawa hiyo walikasirika, na siku chache baadaye laini hiyo ikaomba radhi. Hata kwao, basi, mjadala umo.

PUNDA WALIVYOPUNGUA

Kwa muda mrefu ejiao ilikuwa dawa ya wachache. Kisha China ikapata utajiri, watu wengi wakaweza kuinunua, na matangazo yakaongezeka. Tamthilia moja ya televisheni ya mwaka 2011 kuhusu wanawake wa jumba la mfalme iliwaonyesha wakiitumia, nayo ikazidi kupendwa. Wakati huo huo trekta na magari vilichukua kazi ya punda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 China ilikuwa na punda takriban milioni 11. Baada ya miaka thelathini hawakufika milioni 3. Mwaka 2019 shirika la Donkey Sanctuary lilikadiria kwamba kiwanda cha ejiao kinahitaji ngozi milioni 4.8 kila mwaka. Ngozi hizo zingetoka wapi? Wafanyabiashara wakaitazama Afrika.

Hapa Kenya vichinjio vya punda vyenye leseni vilianza kazi mwaka 2016. Vilifika vinne: Mogotio katika Baringo, Naivasha, Turkana, na Machakos, kaunti jirani yetu. Mwaka 2019 shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lilitoa hesabu. Kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 vilichinjwa punda 301,977. Hao ni zaidi ya punda 15 katika kila 100. Walikuwa wakichinjwa karibu mara tano ya kasi yao ya kuongezeka. Tena punda si kuku wala mbuzi. Hubeba mimba takriban miezi kumi na miwili, akazaa mtoto mmoja. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8 nchini, na ile ya 2019 ikapata takriban milioni 1.2.

Wako waliouza kwa hiari kwa sababu bei ilipanda. Lakini wizi pia uliongezeka. Watu waliamka asubuhi wakakuta zizi tupu, au wakakuta mzoga porini umechunwa ngozi. Nyama nyingine iliyochinjwa vichakani iliingia sokoni bila kupimwa, ikauzwa kama ya ng'ombe.

NI NANI ALIYEBEBA MZIGO?

Hapa ndipo hadithi inapokugusa. Katika boma la Kimasai ng'ombe ni wa mzee, lakini punda, osikiria, ni wa mama. Mama ndiye humfunga mizigo boma linapohama. Punda hubeba maji, kuni na unga wa kutoka dukani. Anabeba mitungi minne ya lita ishirini, yaani lita 80, kwa safari moja. Mtungi mmoja uliojaa una uzito wa kilo 20. Punda akiibiwa, mama yule yule lazima aende kisimani mara nne akiwa na mtungi mgongoni, au familia itumie maji robo ya yale iliyozoea.

Hesabu mwenyewe madhara yake. Mjamzito anabeba kilo 20 kwenye jua. Binti anakosa shule ili asaidie kuteka. Maji yakipungua, mikono na vyombo haviko safi, na mtoto anaharisha. Mtoto anayeharisha mara kwa mara hafaidi chakula anachokula. Na wakati wa ukame kama ule ulioanza mwishoni mwa 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, visima vilikuwa mbali zaidi na punda alihitajika zaidi.

Kwa hiyo dawa iliyotengenezwa ili kumwongezea damu mama mmoja ilimwongezea uchovu mama mwingine aliye mbali. Hawajaonana, na huenda hakuna aliyemweleza yule wa kwanza.

SHERIA ILIKUJAJE?

Watu walilalamika, na wanawake walikuwa mstari wa mbele. Februari 2020 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji wa punda. Mwenye kichinjio akaenda mahakamani, na Mei 2021 Mahakama Kuu ikatangua marufuku hiyo. Shauri likawa la Afrika nzima. Desemba 2022 nchi za Afrika zilikutana Dar es Salaam kuzungumzia punda, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima.

Hilo ni jambo kubwa. Lakini azimio la Addis Ababa halifungi mlango wa zizi lako. Mfunge punda wako karibu na nyumba usiku, mtie alama, mjuane na majirani, na taarifa ya wizi ifike kwa chifu na polisi mapema. Nyama nayo inunue kwenye bucha yenye leseni, yenye muhuri wa mkaguzi.

NI NINI HASA HUONGEZA DAMU?

Tumeona kiota na ngozi ya punda. Sasa tuone mwanamke mmoja aliyetafuta jibu kwa njia nyingine. Daktari Lucy Wills alikuwa Mwingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alikwenda Bombay, India, ambako wajawazito maskini, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo, walikuwa wakifa kwa kupungukiwa na damu. Hakuanza na dawa ya bei ghali. Aliuliza wanakula nini. Aligundua kwamba wale wenye chakula duni ndio walioumia zaidi. Akawapa dondoo ya hamira, kitu cha bei nafuu, na damu yao ikarudi. Aliandika matokeo yake mwaka 1931. Mwaka 1941 wanasayansi wengine walikitoa kitu kama hicho ndani ya majani ya spinachi, wakakiita asidi ya foliki, jina linalotokana na neno la Kilatini la jani.

Madini ya chuma yalikuwa yamejulikana mapema zaidi. Mwaka 1832 daktari Mfaransa, Pierre Blaud, alieleza vidonge vyake vya chuma kwa wasichana waliopauka. Kidonge unachopewa kliniki leo kimeunganisha kazi hizo mbili: miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Unameza kimoja kila siku tangu unapojua una mimba mpaka ujifungue. Hakikuhitaji ngozi ya mnyama wa mtu, na hakina sifa za jumba la mfalme. Labda ndiyo sababu wengi hukiacha kwenye kabati.

YA KUFANYA NYUMBANI

Jitazame. Kope ukizivuta chini, ndani yake pamepauka? Viganja ni vyeupe? Unahema ukipanda kilima kidogo? Unasikia kizunguzungu, au hamu ya kula udongo na odowa? Nenda kituo cha afya upimwe damu. Mjamzito mwenye kipimo kilicho chini ya 11 amepungukiwa. Udongo na odowa havikupi damu. Huzuia chuma kuingia mwilini na vinaweza kukuletea minyoo.

Meza kidonge kila siku. Kikikuchafua moyo, meza usiku baada ya chakula. Choo kitakuwa cheusi, na hilo si baya. Weka vidonge mbali na watoto, kwa maana mtoto mdogo akimeza vingi anaweza kufa.

Kula maharagwe, ndengu, njahi, terere, managu na majani ya kunde. Ongeza nyama unapoweza, na kipande kidogo cha maini mara moja kwa wiki. Kamulia ndimu au kula chungwa pamoja na mboga, chuma kitaingia vizuri. Chai yetu ya maziwa isinywewe pamoja na chakula. Ingoje saa moja au mbili. Supu ya mifupa ya kina nyanya endelea nayo, damu na maziwa vichemshwe, na malaria itibiwe mapema. Mtoto akifika miezi sita, apondewe maharagwe na nyama kidogo, kwani akiba ya chuma aliyozaliwa nayo inakwisha.

Na ukiletewa unga au vipande vya dawa ya kuongeza damu, viwe vya China au vya hapa sokoni, usile kabla ya kumwonyesha muuguzi. Kama mwili wako unavuja damu nyingi baada ya kujifungua, hiyo si saa ya kutafuta supu. Ni saa ya kukimbizwa hospitali.

MANENO YA KUKUMBUKA

1. Kila kabila na kila nchi imetafuta njia ya kurudisha damu ya mama. Nia yao ni njema.
2. Rangi nyekundu si damu, na bei kubwa si nguvu.
3. Kidonge cha chuma na asidi ya foliki, mboga za majani, maharagwe na nyama kidogo ndivyo hujenga damu.
4. Mjamzito asipunguziwe chakula.
5. Punda wa mama ni afya ya nyumba. Tumlinde.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI CHENU

Katika familia yenu, mzazi hupewa chakula gani, na ni kipi katika hicho chenye chuma? Je, kuna mama jirani ambaye punda wake aliibiwa? Mnawezaje kumsaidia maji wakati akiwa mjamzito? Ni nani nyumbani atakayemkumbusha mjamzito kumeza kidonge chake usiku wa leo?

Ukikutana na mwenzako kisimani kesho, mweleze uliyoyasikia.